Ufafanuzi: Sababu za kupanda kwa ada za kambi za magari ya makazi kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani

Ada za kuegesha magari ya makazi katika viwanja vya mapumziko vilivyomo ndani ya vituo vya kijeshi vya Marekani zimepanda katika maeneo mengi katika miaka ya karibuni. Wanaoguswa zaidi ni wanajeshi wastaafu wanaoishi kwa pensheni, hususan wale waliouza nyumba zao na kuyafanya magari hayo kuwa makazi yao ya kudumu.

Lalamiko linalosikika mara kwa mara ni kwamba stahili iliyopatikana kwa miaka mingi ya utumishi inageuzwa kuwa biashara. Ili lalamiko hilo lipimwe kwa haki, ni muhimu kuelewa mambo matatu: nani anavigharamia viwanja hivyo, ada zake hupangwaje, na pensheni ya mwanajeshi hupandishwaje.

Viwanja vya namna gani

Gari la makazi ni gari au karavani yenye kitanda, jiko na choo, ambayo msafiri huiegesha mahali penye umeme, maji na mfereji wa majitaka. Vituo vingi vya kijeshi vya Marekani vina viwanja vya aina hiyo. Jeshi la Anga huviita FamCamp. Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Majini nayo yana vyake. Baadhi viko pwani ya Florida, vingine kando ya maziwa, na vingine katika maeneo ya jangwa ya Arizona, ambako wastaafu kutoka majimbo ya kaskazini hukimbilia kila majira ya baridi.

Viwanja hivi haviko wazi kwa kila raia. Wanaoruhusiwa ni wanajeshi walio kazini na wa akiba, wastaafu, familia zao, pamoja na makundi mengine yaliyotajwa katika sheria na kanuni. Kwa mstaafu, mvuto wake ni mkubwa: lango lina ulinzi, duka la vyakula la jeshi mara nyingi liko karibu, na majirani ni watu waliopitia maisha kama yake. Aidha, kwa muda mrefu ada zake zimekuwa nafuu zikilinganishwa na viwanja vya watu binafsi vilivyo jirani.

Nani anavigharamia

Wizara ya Ulinzi ya Marekani imezigawa shughuli za ustawi na burudani za jeshi katika makundi matatu. Kundi la kwanza, linaloitwa A, ni la huduma zinazohesabiwa kuwa za lazima kwa utayari wa askari, kama vile kumbi za mazoezi ya viungo na maktaba. Lengo la wizara ni kwamba angalau asilimia 85 ya gharama za kundi hilo zitoke katika bajeti inayopitishwa na Bunge. Kundi B ni la huduma za jamii, na kiwango chake ni angalau asilimia 65. Kundi C ni la shughuli zenye uwezo wa kujiingizia mapato, kama viwanja vya gofu.

Viwanja vya magari ya makazi vimo katika kundi hilo la tatu. Hupata fedha kidogo za bajeti na hutakiwa kujiendesha kwa ada za watumiaji. Kwa kawaida, mishahara ya wahudumu, umeme, maji, ukarabati wa mabafu na ujenzi wa nafasi mpya hulipwa kutokana na ada hizo.

Hakuna mwenye hisa anayegawana faida. Ziada ikipatikana, hubaki katika mfuko wa shughuli za ustawi na burudani za jeshi. Hata hivyo, si lazima irudi katika uwanja ule ule ulioizalisha. Yaweza kusaidia shughuli nyingine. Kwa sababu hiyo, mstaafu anaweza kulipa ada ya juu na bado asione bafu la uwanja wake likitengenezwa.

Kwa ufupi, stahili ya mstaafu ni ruhusa ya kuingia na kuvitumia viwanja hivyo. Ruhusa hiyo haiambatani na dhamana ya bei.

Kwa nini ada zinapanda

Sababu ya kwanza ni gharama za uendeshaji. Mwezi Juni 2022, mfumuko wa bei nchini Marekani ulifikia asilimia 9.1 kwa mwaka, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 40. Januari mwaka huo huo, ofisi inayosimamia utumishi wa serikali kuu iliagiza watumishi wake walioko ndani ya nchi walipwe si chini ya dola 15 kwa saa. Agizo hilo lilikuwa la manufaa kwa wafanyakazi wa kima cha chini. Lakini mahali ambapo mishahara hulipwa kwa ada, mishahara inapopanda ada nayo husukumwa juu.

Sababu ya pili ni miundombinu. Viwanja vingi vilijengwa wakati magari ya makazi yalikuwa madogo na yenye mahitaji machache ya umeme. Gari kubwa la siku hizi, lenye viyoyozi viwili au zaidi, huhitaji umeme wa ampea 50, ilhali nafasi za zamani zilijengwa kwa ampea 30 au chini ya hapo. Kubadili nyaya, kupanua nafasi na kuimarisha mifereji ni kazi ya gharama kubwa. Viwanja vya pwani hukabiliwa pia na vimbunga: Oktoba 2018, kimbunga Michael kiliharibu vibaya kituo cha Jeshi la Anga cha Tyndall, Florida.

Sababu ya tatu ni wingi wa wahitaji. Janga la UVIKO-19 liliwafanya Wamarekani wengi waepuke hoteli na ndege. Mwaka 2021, viwanda vya magari ya makazi vilisafirisha kwa wauzaji zaidi ya magari 600,000, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Idadi hiyo ilishuka katika miaka iliyofuata, lakini magari yaliyonunuliwa yanaendelea kutafuta mahali pa kuegeshwa.

Sababu ya nne ni namna bei inavyopangwa. Hakuna jedwali moja la ada kwa nchi nzima. Kila tawi la jeshi lina miongozo yake, na uongozi wa eneo hupendekeza au hupanga ada kwa kuangalia gharama zake na bei za viwanja vya jirani. Viwanja binafsi vya pwani vinapopandisha bei, kipimo cha ulinganisho nacho hupanda. Ndiyo maana vituo viwili vilivyo katika jimbo moja vinaweza kutoza ada zinazotofautiana sana.

Wenye haki wameongezeka

Tangu tarehe 1 Januari 2020, sheria iliyopitishwa mwaka 2018 imepanua orodha ya wanaoruhusiwa kutumia maduka ya jeshi na shughuli zake za burudani zenye kuingiza mapato. Walioongezwa ni pamoja na wanajeshi wa zamani wenye ulemavu uliotokana na utumishi, waliotunukiwa nishani ya Purple Heart, waliowahi kuwa wafungwa wa vita, na walezi wa baadhi ya wanajeshi wa zamani.

Hatua hiyo ilirekebisha dosari ya muda mrefu. Kabla yake, askari aliyejeruhiwa na kuondoka jeshini bila kufikisha muda wa kustaafu aliweza kukosa huduma ambayo mwenzake aliyetumikia miaka 20 aliipata. Lakini nafasi za kuegesha hazikuongezeka kwa kasi ya watu walioruhusiwa. Katika viwanja vingi, wanajeshi walio kazini hupewa kipaumbele cha kuhifadhi nafasi, na muda wa kukaa huwekewa ukomo hasa katika msimu wenye wageni wengi. Mstaafu anayeishi ndani ya gari hulazimika kuhama anapofikia ukomo huo, na kila safari ina gharama ya mafuta. Juni 2022, wastani wa bei ya petroli nchini humo ulivuka dola 5 kwa galoni kwa mara ya kwanza.

Pensheni na ada hazipimwi kwa kipimo kimoja

Chini ya utaratibu unaowahusu wastaafu wengi wa sasa, mwanajeshi aliyetumikia miaka 20 hupokea nusu ya wastani wa mshahara wake wa msingi katika miezi 36 iliyokuwa na mshahara wa juu zaidi. Kila mwaka pensheni hiyo huongezwa kwa kufuata kipimo cha kitaifa cha bei za bidhaa na huduma. Ongezeko lilikuwa asilimia 5.9 kwa mwaka 2022, asilimia 8.7 kwa mwaka 2023, asilimia 3.2 kwa mwaka 2024, asilimia 2.5 kwa mwaka 2025 na asilimia 2.8 kwa mwaka 2026.

Kwa jumla, pensheni iliyokuwa dola 2,000 kwa mwezi mwaka 2021 imefikia takriban dola 2,500 mwaka 2026, yaani ongezeko la karibu asilimia 25. Takwimu hizi zinampa mstaafu kipimo rahisi: nafasi iliyotozwa dola 20 kwa usiku mwaka 2021 ingekuwa dola 25 mwaka 2026 kama ada ingefuata mwendo wa pensheni.

Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba ada hiyo imepanda hadi dola 30. Mstaafu anayekaa usiku 30 alikuwa akilipa dola 600. Sasa atalipa dola 900. Nyongeza ya dola 300 inameza sehemu tatu kati ya tano za ongezeko lote la pensheni yake katika miaka mitano, kabla hajanunua chakula, dawa wala mafuta. Kwa anayepiga kambi wiki moja kwa mwaka, tofauti hiyo ni usumbufu mdogo. Kwa anayeishi humo, ni sawa na kupandishiwa kodi ya nyumba kwa nusu.

Lipo jambo jingine. Hoteli ya mapumziko ya jeshi ya Hale Koa, mjini Honolulu, hupanga bei za vyumba kwa kuzingatia cheo, ili mwenye kipato kidogo alipe kidogo. Viwanja vingi vya magari ya makazi havina utaratibu huo. Hutoza kwa nafasi. Sajini mstaafu na kanali mstaafu walioegesha ubavu kwa ubavu hulipa ada ile ile, ingawa pensheni zao haziko karibu.

Kadi za hifadhi: zipi hupunguza ada

Serikali ya Marekani hutoa kadi za kuingilia hifadhi za taifa na ardhi nyingine za umma, na mara nyingi kadi hizo huchanganywa. Tangu tarehe 11 Novemba 2022, wanajeshi wa zamani hupewa bure kadi ya maisha. Kadi hiyo huondoa kiingilio, lakini haipunguzi ada ya kupiga kambi.

Kadi ya wazee, kwa raia na wakazi wa kudumu wenye umri wa miaka 62 na zaidi, na kadi ya bure kwa watu wenye ulemavu wa kudumu, ndizo huleta punguzo la asilimia 50 katika viwanja vingi vya kambi vya serikali kuu. Kadi ya wazee ya maisha ilipanda kutoka dola 10 hadi dola 80 mwezi Agosti 2017. Mwanajeshi wa zamani anayestahili zaidi ya kadi moja anashauriwa kuwa na ile yenye punguzo la kambi.

Punguzo hilo hutumika pia katika viwanja vingi vya Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi, vilivyo kando ya maziwa na mito katika majimbo mengi. Viwanja hivyo hupokea umma wote na si sehemu ya mfumo wa burudani wa vituo vya kijeshi. Kwa mstaafu mwenye kadi inayofaa, nafasi katika kiwanja cha wahandisi yaweza kuwa nafuu kuliko ile iliyo ndani ya lango la kituo.

Pa kupeleka hoja

Kwa kuwa ada hupangwa karibu na uwanja wenyewe, hoja ya kwanza hupelekwa kwa ofisi ya ustawi na burudani ya kituo husika. Wizara ya Ulinzi ina pia mfumo wa kupokea maoni ya watumiaji wa huduma zake kwa njia ya mtandao. Vituo vingi vina ofisi za masuala ya wastaafu, na matawi ya jeshi yana mabaraza ya wastaafu yanayowasilisha hoja kwa viongozi wa juu. Suala la kuhamisha sehemu ya gharama kwenda kwenye bajeti ya taifa ni la kisera. Wawakilishi Bungeni ndio wenye mamlaka ya kulijadili.

Hoja yenye uzito ni ile iliyo mahususi. Mstaafu anaweza kuuliza ada imepanda kwa asilimia ngapi tangu mwaka fulani, ziada imetumika wapi, ni ukarabati gani umepangwa, na kama kuna kiwango cha mwezi kwa wakaaji wa muda mrefu. Mwaka wa fedha wa serikali kuu huanza tarehe 1 Oktoba. Kwa wanaopanga safari za majira ya baridi, ni vyema kuthibitisha ada na ukomo wa kukaa moja kwa moja na uwanja husika kabla ya kuondoka.