Fomu Iulizapo Kabla ya Kukubali

Kati ya wakati mtu anapobonyeza kitufe cha kutuma na wakati maneno yake yanapohifadhiwa katika kompyuta, pana hukumu fupi isiyoonekana, ambayo aghalabu haichukui hata sekunde moja, lakini kwayo jina la mtu hukubaliwa au hukataliwa, tarehe ya kuzaliwa huaminiwa au hushukiwa, na hesabu ya muuguzi hupokewa au hurudishwa. Hukumu hiyo ndiyo uhakiki wa fomu. Masharti yake yaliandikwa na binadamu, na binadamu huyo yamkini hajapata kuuona mji wa Kindu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wala kusikia jinsi watu wa mkoa huo wa Maniema wanavyoitana.

Mtunzi wa programu za mtandao hutumia kiunzi, yaani mkusanyo wa sehemu zilizokwisha tayarishwa, kama vile Django, iliyoanzia katika ofisi ya gazeti mjini Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, au Symfony, iliyotoka Ufaransa mwaka huo huo. Humo mtunzi hutangaza masharti yake: kisanduku hiki sharti kijazwe, hiki kipokee tarehe, hiki kisizidi herufi kadha wa kadha, na kiunzi chenyewe huyatekeleza. Kwanza hugeuza maandishi kuwa namba au tarehe, kisha hupima kila kisanduku peke yake, na mwisho hulinganisha kisanduku na mwenzake, ili, kwa mfano, tarehe ya mgonjwa kutoka hospitali isitangulie tarehe ya kuingia. Uhakiki ufanywao ndani ya simu na kivinjari ni msaada mkubwa panapokuwa na mtandao dhaifu, kwa kuwa humwonyesha mjazaji kosa lake papo hapo. Lakini mwenye hila aweza kukikwepa kivinjari na kuipelekea seva, yaani kompyuta inayoipokea fomu, chochote atakacho. Kwa hiyo seva ndiyo bawabu, na sharti ambalo bawabu hakuambiwa ni kama halikuwekwa.

Ufundi huo hujifunzwa upesi. Taabu huanza pale mtunzi anapodhani kwamba watu wote wameumbwa kwa mfano wa jirani zake. Fomu nyingi huuliza jina la kwanza na jina la ukoo, basi. Ilhali katika Kongo, tangu siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu ilipoyaondoa majina ya ubatizo katika vyeti mnamo mwaka 1972, kumekuwako jina la pili ambalo karatasi za serikali huliita postnom, na majina ya ubatizo yaliporudi baadaye, jina hilo halikuondoka. Sharti lisemalo kwamba jina liwe herufi tupu humkataa mwenye jina la maneno mawili au lenye alama ya ritifaa, na kumlazimisha ajiandike kwa jina lisilo lake, ambalo kesho halitalingana na kadi yake. Namba ya simu nayo ina tarakimu 9 baada ya 243, msimbo wa nchi, au 10 ikianza na sifuri, na watu huiandika kwa nafasi katikati ili isomeke. Programu yenye adabu huziondoa nafasi hizo kwanza, ndipo ihukumu.

Lakini mfano ulio bora zaidi umo katika afya. Wizara ya Afya ya Kongo hukusanya takwimu za vituo vyake kwa mfumo uitwao DHIS2, unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na kila mwezi zone za afya za Maniema, kama Kindu, Kibombo, Kasongo na Punia, huingiza hesabu zao humo. Katika DHIS2 masharti hayaandikwi kwa lugha ya programu. Msimamizi hujaza upande wa kushoto, upande wa kulia, na alama ya ulinganisho baina yao. Waliopatikana na malaria wasizidi waliopimwa: sharti hili ni la haki, halina udhuru. Sasa tazama lingine lifananalo nalo: dozi za tatu za chanjo ya Penta zisizidi dozi za kwanza. Kwa mtoto mmoja ni kweli tupu, maana hakuna apataye ya tatu bila ya ile ya kwanza. Kwa hesabu ya mwezi si kweli, kwani watoto wanaopata dozi ya tatu mwezi huu walianza miezi iliyopita, na mama aliyeanzia Alunguli, upande mmoja wa Kindu, aweza kuvuka mto Lualaba na kumalizia Kasuku, ng'ambo ya pili. Muuguzi aliyehesabu kwa uaminifu, akikataliwa na fomu, atafanya nini jioni ya siku ya mwisho ya ripoti? Nachelea kwamba atapunguza namba mpaka fomu iridhike, na hapo uhakiki utakuwa umezaa uongo ule ule uliokusudiwa kuuzuia.

Bahati njema, mfumo huo huruhusu sharti liwe onyo ambalo mtu aweza kulisoma, akalikagua daftari lake, na kuikamilisha ripoti. Kuzuia kabisa ni hiari ya msimamizi, na kwa rai yangu hiari hiyo itumiwe kwa hadhari kubwa. Msimamizi huulizwa pia kisanduku kitupu kihesabiweje: sharti lirukwe, au utupu usomwe kama sifuri? Jambo hilo huonekana dogo, lakini kituo kilichosahau kuandika na kituo kilichokosa chanjo ni vitu viwili mbalimbali.

Tarehe nazo zataka uangalifu wa namna yake, kwa sababu Kongo ina saa mbili: Kindu huitangulia Kinshasa kwa saa moja. Mtoto azaliwaye Kindu saa sita na nusu usiku, akaandikishwa papo hapo, huwa amezaliwa kesho kwa seva ifuatayo saa ya Kinshasa, na sharti la kawaida kwamba tarehe ya kuzaliwa isiwe ya siku zijazo litamkataa. Dawa yake ni mstari mmoja katika mipangilio ya kiunzi: kwa fomu za Maniema, saa ya eneo iandikwe Africa/Lubumbashi, jina lishikalo saa hiyo ya Kindu.