Ebola na protini NPC1: mlango ulio ndani ya mwili wa kila mtu

LUBUMBASHI – Kutoka kartie Golf, hapa Lubumbashi, mpaka Beni ni mbali. Ebola iliyoua watu 2,287 mashariki mwa nchi kati ya 2018 na 2020 haikufika huku. Lakini mkaaji wa Golf na wa Beni wote wana kitu ambacho virusi hivyo vinakihitaji: protini inayoitwa NPC1.

Kazi yake ya kila siku ni kubeba mafuta. Ndani ya seli kuna vifuko vidogo vya kuvunja vitu ambavyo seli imemeza. NPC1 inakaa kwenye ukuta wa kifuko na kutoa kolesteroli ili seli iitumie. Mtoto akirithi kasoro ya NPC1 kutoka kwa baba na mama, anapata ugonjwa wa Niemann-Pick aina C. Mafuta yanajaa katika ini, bandama na ubongo, na polepole mtoto anashindwa kutembea, kusema na kumeza.

Mwaka 2011, jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba seli za wagonjwa hao haziambukizwi na Ebola. Sababu ni hii: seli ikimeza virusi, vinabaki ndani ya kifuko. Ili vitoke na kuanza kuzaana, lazima vishike NPC1. Bila hiyo, vinakwama.

Dawa ya kufunga mlango huo ina asili ya Kongo. Kingamwili mAb114, ambayo leo inauzwa kwa jina Ebanga, ilipatikana katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB alishirikiana na watafiti wa Marekani katika kazi hiyo. Dawa inashika virusi mahali penyewe ambapo vingeshika NPC1.

Ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kati ya waliopewa mAb114, asilimia 35 walikufa. Kwa dawa ya zamani, ZMapp, karibu nusu. Kwa wale waliofika wakiwa na virusi vichache, vifo vilikuwa kama asilimia 10 tu.

Hapo ndipo kila familia inahusika. Dawa inazuia virusi kuingia katika seli mpya. Haiponyi seli zilizokwisha kuharibika. Mtu aliyetoka eneo lenye Ebola, au aliyegusa mgonjwa au maiti, akipata homa, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.