Numero zinapokataa kuingia kwenye email: kosa liko wapi?

Katika Masisi na Walikale, mchimbaji anaweza kulala Rubaya leo, mwezi ujao akawa Mubi, kisha akaenda kutafuta bahati upande wa Ndjingala. Shimo likikauka, kikundi kinahama. Vita vikikaribia, kijiji kizima kinahama. Mama anabaki na wadogo fasi moja, baba iko fasi ingine, mtoto mkubwa anasoma Goma. Kinachowaunganisha ni numero. Simu ikianguka ndani ya maji ya kusafishia koltani, ao ikibaki mikononi mwa watu wa barabarani, numero zote zinaenda nayo.

Tumeliona jambo hilo kwa ukubwa wake. M23 ilipoingia Rubaya mwezi wa 4 mwaka 2024, ilipoingia Goma mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025, na ilipofika Walikale-centre mwezi wa 3 mwaka huo huo, familia zilikimbia kila moja na njia yake. Kuko Croix-Rouge na CICR, ambazo zina kazi ya kutafutia watu jamaa zao waliopoteana, na kazi hiyo hailipishwi. Lakini hata huko wanaanza kwa kukuuliza: jina nani, alikuwa anaishi wapi, unajua numero yake? Mwenye orodha iliyotunzwa vizuri ana pa kuanzia.

Kwa hiyo watu wengi wamesikia shauri la kuweka numero zao zote kwenye email, ili simu ikipotea orodha ibaki. Karani wa koperative naye anataka adrese za wanunuzi, za SAEMAPE na za wanachama zikae kwenye kompyuta moja. Shauri ni zuri. Shida inaanza wakati wa kuziingiza: unabonyeza « Importer », unangojea, na mwishoni unaona majina bila numero, ao numero bila majina, ao hakuna kitu kabisa. Wengi wanaacha hapo, wanasema « iyi mashini imekufa ». Mara nyingi mashini iko mzima, na orodha haijapotea. Makosa ni yale yale machache, na tunayapanga hapa moja moja.

Kwanza ujue numero zinalala wapi

Simu moja inaweza kuwa na vyumba vitatu vya numero: karte SIM, simu yenyewe, na konti ya Google. Ukiangalia kwenye kioo unaona orodha moja, kumbe imetoka vyumba tofauti. Ukitoa ya chumba kimoja tu, nusu ya watu wako wanabaki nyuma.

Karte SIM ndiyo chumba kidogo kuliko vyote. Nyingi zinabeba majina 250 hivi, na kila jina linakatwa likiwa refu. « Papa Bahati wa Kibabi » anaweza kugeuka « Papa Bahati w ». Tena SIM inatunza jina na numero. Adrese ya email kwa kawaida haina nafasi humo. Basi kama ulitoa orodha kwenye SIM na sasa programu ya email inakuonyesha majina bila adrese, usiitafute adrese ambayo haikuwekwa. Itabidi uiandike mwenyewe, mtu kwa mtu.

Dawa yake ni hii: mbele ya yote, fungua répertoire ya simu, ingia kwenye « Paramètres » ao « Organiser », tafuta « Importer » na uchague karte SIM, kisha uelekeze majina kwenye konti yako ya Google. Vyumba vitatu vinakuwa kimoja.

Kutoa orodha: faili ya .vcf

Katika répertoire hiyo hiyo kuko neno « Exporter ». Simu itatengeneza faili moja yenye mwisho wa .vcf. Ndani yake kuko watu wako wote, jina, numero na adrese. Karibu simu zote na programu zote za email zinaijua aina hiyo ya faili, kwa hiyo kama una uchaguzi, chagua hiyo.

Uzuri wake mwingine ni kwamba haiombi mega. Kama uko kwenye carrière ambako rezo inakuja saa ya usiku tu, unaweza kuipeleka kwa Bluetooth kwenye simu ya mwenzako unayemwamini, ao kuiweka kwenye karte memware. Mke akiwa nayo kwenye simu yake, tayari familia ina orodha mbili badala ya moja.

Kuko simu ndogo za batoni ambazo zinatoa faili moja kwa kila mtu: watu 80, faili 80. Usijaribu kuziingiza moja moja kwenye kompyuta. Zipeleke zote kwenye simu ya Android, uzifungue huko, halafu ile Android itoe faili moja ya wote.

Na kama majina yanakuja na alama za ajabu, kwa mfano « Ren=C3=A9 » kwa René, ujue faili iliandikwa kwa mtindo wa zamani na programu imeshindwa kuusoma. Hapa pia, kuipitisha kwanza kwenye répertoire ya Android na kuitoa upya mara nyingi kunatosha.

Kuingiza kwenye Gmail

Watu wengi wanatafuta « Importer » ndani ya Gmail kwenye simu na hawaioni. Hawataiona. Gmail inasoma watu kutoka fasi ingine inayoitwa Contacts. Kwenye kompyuta ufungue contacts.google.com, uingie na adrese yako na neno lako la siri, ubonyeze « Importer », uchague faili yako. Kwa mara moja inakubali watu mpaka 3.000, na konti nzima inabeba mpaka 25.000. Hakuna koperative ya kwetu itakayojaza hiyo.

Ukimaliza na usione mtu, tazama upande wa kushoto, kwenye « Libellés ». Gmail inawaweka wageni ndani ya kikundi chenye tarehe ya siku walipoingia. Mara nyingi wamekaa humo wanakungojea.

Kama wanaonekana kwenye kompyuta lakini kwenye simu hawaonekani, sababu ni moja kati ya mbili: simu imefunguliwa na adrese ingine ya Gmail, ao synchronisation imezimwa ili kubakisha mega. Tazama adrese kwanza, herufi kwa herufi. Kisha uwashe synchronisation siku ile rezo iko vizuri, uiache ifanye kazi yake.

Mtego wa Excel

Makarani wengi hawana faili ya .vcf. Wana orodha ya wanachama kwenye Excel, iliyoandikwa kwa uvumilivu mkubwa, jina, shimo, numero. Hapa ndipo kuko mitego mine, na miwili kati yake inatokea hasa kwetu, watu wa kompyuta za Kifaransa.

Wa kwanza ni sifuri. Ukiandika numero inayoanza na 099 ao 081, Excel inadhani ni hesabu na inafuta sifuri ya mbele. Ukiandika na 243 mbele, inaweza kukuonyesha 2,43E+11. Hilo ni kosa la hatari: jina limeingia vizuri, unaamini uko na numero, na siku ya shida simu haiendi. Mbele ya kuandika, chagua safu nzima ya numero na uifanye « Texte ». Kisha andika kila numero na +243 na tarakimu tisa zinazofuata, bila sifuri. Numero iliyoandikwa hivyo inapigika kutoka Masisi na kutoka kambi ya wakimbizi Uganda pia. Ile inayoanza na sifuri, simu ikishika rezo ya Rwanda pale mpakani, inapiga ndani ya Rwanda.

Wa pili ni virgule. Gmail inataka faili ya CSV ambayo vitu vinatenganishwa na virgule. Excel ya Kifaransa inatenganisha na point-virgule, hata kama yenyewe imeandika « délimité par des virgules ». Matokeo: Gmail inaona mstari mzima kama jina moja refu. Fungua faili na Bloc-notes, nenda « Remplacer », weka virgule pahali pa kila point-virgule. Lakini tazama kwanza kama hakuna virgule zingine ndani ya majina ao anwani, juu zitaharibu mpangilio. LibreOffice, ambayo haiuzwi, inarahisisha: wakati wa kutunza inakuuliza yenyewe unataka alama gani.

Wa tatu ni akseni. Ukiona « AndrÃ© », faili ilitunzwa kwa mwandiko usioeleweka. Itunze upya kwa kuchagua UTF-8, kwenye Excel, Bloc-notes ao LibreOffice.

Wa ine ni mstari wa juu kabisa, ule wa vichwa. Wewe umeandika « Nom », « Téléphone », « Shimo ». Gmail ina majina yake ya vichwa, na ya kwako inaweza kuyaruka bila kukuambia. Njia ya busara ni hii: andika mtu mmoja kwa mkono ndani ya Contacts, na numero yake na email yake, kisha bonyeza « Exporter » uchague CSV ya Google. Fungua faili hiyo. Vichwa unavyoona humo ndivyo inavyovipenda. Weka watu wako chini yake, kila kitu kwenye safu yake.

Na usianze na watu 400. Jaribu na watatu. Watatu wakiingia sawa, wengine wataingia.

Wanaotumia Thunderbird

Kuko ofisi zinazopenda Thunderbird, juu inatunza barua kwenye kompyuta yenyewe na unaweza kuzisoma hata rezo ikikatika. Humo unaingia « Carnet d'adresses », kisha « Importer ». Inakubali .vcf na CSV. Ikipewa CSV inakuonyesha safu zako upande mmoja na za kwake upande mwingine, na wewe unazioanisha. Usikimbize hatua hiyo. Email ikioanishwa na safu ya simu, utaandika barua na hakuna adrese itakayotokea.

Ukiharibu, usifute

Watu wakionekana mara mbili mbili baada ya kuingiza, tafuta « Fusionner et corriger », Gmail itakuonyesha wanaofanana na kukuuliza kama iwaunganishe. Usikubali yote kwa pamoja bila kusoma: kwetu Bahati na Furaha ni wengi, na si kila Bahati ni yule yule.

Ukiona umeharibu kabisa, kwenye kompyuta kuko « Annuler les modifications » ambayo inarudisha répertoire namna ilivyokuwa, hata ya siku 30 zilizopita. Kwa hiyo mtu aliyefuta orodha kwa bahati mbaya wiki jana bado ana wakati.

Ufunguo wa nyumba

Yote haya hayana faida kama huwezi kuingia kwenye konti yako siku simu imepotea. Wengi wameweka Google iwatumie kode kwenye numero yao. Simu ikiibwa, kode inaenda kwa mwizi. Ukiwa bado na simu, ingia kwenye « Sécurité » ya konti yako utafute « codes de secours ». Google inakupa kumi, kila moja inatumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi na uziache kwa mama watoto ao kwa mtu wa nyumba unayemtegemea, si ndani ya kifuko cha simu.

Kama unafanya kazi hii kwenye secrétariat public ya Sake ao ya Walikale-centre, andika neno lako la siri wewe mwenyewe, na mbele ya kuondoka bonyeza « Se déconnecter ». Kisha ufute ile faili kwenye mashini yao, mpaka ndani ya « Corbeille ». Orodha ya wanachama ni orodha ya watu wanaoshika pesa na madini. Tena kwenye nchi ya barabara nyingi zenye vizuizi, usiandike mbele ya jina la mtu kazi ao kundi linaloweza kumletea maswali. Jina linatosha.

Mwisho, kaye bado ina kazi yake. Numero kumi za maana, za mke ao mume, za wazazi, za mkubwa wa shimo, za mtu mmoja Goma na mmoja Bukavu ao Kisangani, ziandikwe kwa biki kwenye karatasi, zifungwe ndani ya sashe ya plastiki, karatasi moja nyumbani na moja mfukoni. Watoto wanaojua kusoma wafundishwe mbili kwa kichwa. Mashini inabeba watu 400, lakini inaomba moto na rezo, na siku ya kukimbia vyote viwili vinaweza kukosekana. Ile orodha kubwa itakungojea kwenye Gmail mpaka utakapofika fasi yenye rezo.