Kumlilia Asiyekuwapo: Vijana, Wahusika Tata na Somo la Kuhukumu

Tarehe 24 Machi 1970, watu wapatao 700 walikusanyika jijini Tokyo, katika jengo la kampuni ya uchapishaji ya Kodansha, kuhudhuria mazishi. Mratibu wake alikuwa Shuji Terayama, mshairi na mwandishi wa tamthilia aliyekuwa na jina kubwa nchini Japani. Waombolezaji walikuwapo na huzuni ilikuwapo. Kilichokosekana ni maiti. Marehemu aliyeombolezwa siku ile, Toru Rikiishi, hakuwahi kuzaliwa wala kuvuta pumzi. Alikuwa bondia wa kuchorwa kwa wino, mhusika katika hadithi ya katuni iitwayo Ashita no Joe, yaani "Joe wa Kesho".

Hadithi hiyo ilichapishwa kuanzia mwaka 1968 hadi 1973 katika jarida la kila wiki la vijana, Weekly Shonen Magazine. Mtunzi wake alikuwa Ikki Kajiwara, aliyetumia jina la Asao Takamori, na mchoraji wake Tetsuya Chiba. Humo tunamkuta Joe Yabuki, yatima mtukutu asiye na makazi, akiokotwa katika mitaa ya makabwela na mzee mlevi mwenye jicho moja, bondia wa zamani, anayekiona kipaji katika ngumi zake. Joe anafungwa katika gereza la vijana, na huko anakutana na Rikiishi, hasimu ambaye baadaye anakuwa kipimo cha maisha yake. Umbo kubwa ambalo mchoraji alimpa Rikiishi tangu mwanzo liliwaweka wawili hao katika madaraja mawili ya uzito. Ili apate kupigana na Joe, Rikiishi alijinyima chakula na maji hadi akakondeana. Alishinda pambano, kisha akafa.

Tumelitaja tukio hili la zaidi ya nusu karne iliyopita kwa sababu linajirudia leo katika majumba mengi, ingawa kwa sura ndogo. Mzazi anamkuta kijana wake ameinama juu ya simu, macho mekundu, chakula hakikuguswa. Akiuliza, anaambiwa kuwa fulani ameuawa. Moyo unamruka. Akifahamu kwamba huyo fulani ni mtu wa katuni, hofu hugeuka kicheko au karipio: "Unalilia michoro?" Mazungumzo huishia hapo, na kijana hujifunza kwamba mambo haya hayasemwi mbele ya wazazi. Huenda akayapeleka kwa wenzake wa rika lake, wasiojua zaidi yake.

Ndugu msomaji, mhusika si halisi, lakini hisia ya anayemlilia ni halisi. Na nyuma ya hisia hiyo, mara nyingi, pamekaa swali la haki na dhuluma ambalo kijana hajapata maneno ya kuliuliza waziwazi.

Waliosoma fasihi shuleni wanakumbuka kwamba walimu wetu huwagawa wahusika katika mafungu. Yuko mhusika bapa, ambaye ni mwema au mwovu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Yuko pia mhusika duara, ambaye hubadilika, hujipinga mwenyewe, hutenda wema kwa mkono mmoja na uovu kwa mkono wa pili. Manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, pamoja na michezo ya kompyuta itokayo nchi hiyo, zimejaa wahusika wa aina hii ya pili. Ndio wanaozua mijadala, na ndio wanaozaa nadharia za mashabiki: makisio yanayojengwa kwa dalili ndogondogo zilizotawanyika katika sura mbalimbali, ili kueleza kwa nini mtu alitenda alilotenda au nini hasa kilimpata.

Tuchukue mfano ambao vijana wengi wanaujua kwa moyo. Naruto ya Masashi Kishimoto ilichapishwa katika jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia mwaka 1999 hadi 2014, ikafikia sura 700 zilizokusanywa katika juzuu 72. Humo yumo Itachi, mwana wa ukoo wa Uchiha. Katika usiku mmoja anauteketeza ukoo wake mzima, wazazi wake wakiwamo, na kumwacha hai mdogo wake Sasuke peke yake. Kwa muda mrefu msomaji anamjua kama muuaji asiye na huruma. Kisha, baada ya Itachi kufa akipigana na mdogo wake, pazia linafunuliwa. Ukoo wake ulikuwa ukiandaa mapinduzi ambayo yangeleta vita vya wenyewe kwa wenyewe. Uongozi wa kijiji ulimtwika Itachi, aliyekuwa na umri wa miaka 13 tu, jukumu la kuchagua: afe kila mtu pamoja na mdogo wake, au awaue jamaa zake na mdogo wake asalimike. Alichagua la pili. Akajipaka uovu makusudi ili Sasuke amchukie, apate nguvu, na siku moja amuue.

Tangu hapo mashabiki hawajakubaliana. Wapo wanaomwita shujaa, mtu aliyekubali kulaaniwa ili wengine waishi kwa amani. Wapo wanaojibu kwamba katika ukoo ule walikuwamo watoto na wazee wasiojua lolote kuhusu njama, na kwamba damu yao haisafishwi na nia njema. Wapo wanaotafuta njia ya tatu ambayo ingeepusha yote, na kuuliza ingekuwaje lau rafiki yake Shisui, aliyekuwa na mpango wa kuyazuia mapinduzi bila ya kumwaga damu, asingehujumiwa. Na wapo, pengine wenye jicho kali kuliko wote, wanaouliza swali jingine kabisa: kwa nini tunabishana kuhusu mtoto wa miaka 13, na kuwasahau watu wazima walioketi wakamtwika mzigo huo?

Swali hilo la mwisho halihusu Japani pekee. Kijana anayeliuliza anapima wajibu wa wakubwa kwa wadogo. Mzazi anayelisikia akalipuuza amepitwa na mazungumzo ambayo mihadhara mingi haifikii.

Mfano wa pili unatoka katika michezo ya kompyuta. Mnamo Januari 1997, kampuni ya Square ilitoa nchini Japani mchezo wa Final Fantasy VII. Mchezaji husafiri na kundi la wenzake, na miongoni mwao ni Aerith, binti muuza maua, mpole na mwenye mzaha. Mchezaji humlea kwa saa nyingi: humpa silaha, humwongezea uwezo, humtegemea kuwaponya wenzake. Kisha, kabla ya diski ya kwanza kati ya tatu kumalizika, adui anaitwa Sephiroth anamchoma upanga akiwa amepiga magoti akiomba. Hakuna pambano la kumwokoa, na hakuna dawa. Watengenezaji walieleza baadaye kwamba walitaka kifo kije ghafla, kama kinavyokuja maishani, kikaacha pengo na maneno ambayo hayakusemwa.

Wachezaji wengi hawakukubali. Zilizuka tetesi za kila namna: ukipata kitu fulani mahali fulani, ukizungumza na mtu fulani kwa wakati fulani, Aerith atafufuka. Watu walirudia mchezo ule mara kwa mara wakiitafuta njia hiyo, nayo haikuwamo. Kila aliyepata kufiwa anaijua hali hii. Ni ile sauti ya usiku isemayo: lau tungemwahisha hospitali, lau asingepanda gari lile. Nadharia ya Aerith ilikuwa ni msiba uliovaa vazi la hesabu. Na kijana ambaye hajawahi kufiwa na mtu wa karibu huenda ameonja kwa mara ya kwanza, katika mchezo, kwamba liko jambo ambalo juhudi haiwezi kulirudisha. Mzazi mwenye hekima ataona kuwa mlango wa kuzungumza naye kuhusu mauti umefunguka wenyewe.

Wala wazee wetu wasidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Waliokulia katika mwambao wanakijua kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913. Shujaa yule alichomwa na mwanawe wa kumzaa, aliyerubuniwa kwa ahadi ya maadui. Akajikokota hadi kisimani, akapiga goti na upinde mkononi, akakata roho katika hali hiyo. Watu wa mji hawakujua kama yu hai au amekufa. Wakaogopa hata kwenda kuteka maji. Na vizazi vimeendelea kuuliza kuhusu yule mtoto: alikuwa msaliti, au alikuwa mdogo aliyechezewa na wakubwa?

Linganisha na mwisho wa Ashita no Joe. Baada ya kushindwa kwa pointi na bingwa wa dunia, José Mendoza, Joe ameketi kwenye kona ya ulingo, macho yamefumba, tabasamu usoni. Amekufa au amelala? Mchoro hausemi, na mashabiki wanabishana hadi leo. Babu aliyesimuliwa habari za Liyongo na mjukuu anayesoma manga wana mengi ya kuzungumza kuliko wanavyofikiri.

Hata hivyo, upo upande wa pili ambao hatuna budi kuutazama. Wiki moja tu baada ya mazishi ya Rikiishi, tarehe 31 Machi 1970, vijana tisa wa kundi la siasa kali lililojiita Jeshi Jekundu waliteka nyara ndege ya abiria ya Shirika la Ndege la Japani na hatimaye kuipeleka Korea Kaskazini. Katika tamko lao walijitangaza kwamba wao ndio "Joe wa Kesho". Haitakuwa haki kuilaumu hadithi kwa kosa lao. Maelfu waliisoma na hawakuteka chochote. Lakini tukio hilo linaonesha hatari iliyopo pale mtu anapoacha kumtazama mhusika na kuanza kujivika sura yake. Uchungu wa Joe ulikuwa wa kubuniwa. Abiria waliotekwa walikuwa na majina, na nyumbani kwao walikuwa wakisubiriwa.

Hapa ndipo lilipo somo ambalo mzazi pekee ndiye awezaye kulitoa vizuri. Kumwelewa mtu ni jambo moja, na kumhalalishia alilofanya ni jambo jingine. Hadithi nzuri hutupa la kwanza kwa ukarimu: hutuonesha utoto wa muuaji, njaa yake, upweke wake, hata tukamhurumia. Kijana akishaelewa, ni rahisi aruke moja kwa moja hadi kwenye hukumu ya pili, kwamba aliyeumizwa ana ruhusa ya kuumiza. Huko kuruka ndiko kunakohitaji kushikwa mkono. Itachi anastahili huruma yetu, na waliouawa usiku ule wanastahili haki yao. Moyo uliolelewa vizuri hubeba yote mawili pamoja. Hadithi yenyewe inalisaidia somo hili: uongo ambao Itachi aliujenga kwa nia ya kumlinda mdogo wake ndio uliomfanya Sasuke, alipoujua ukweli, akigeuzie kijiji kizima chuki yake.

Vilevile, nadharia ni shule ya ushahidi kwa anayeisimamia vyema. Shabiki makini hurudi kwenye ukurasa, akaonesha neno lililosemwa na ishara iliyochorwa. Shabiki mvivu hushikilia analolipenda na kuwatukana wanaompinga. Dini yetu imetutahadharisha na wingi wa dhana, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Kijana aliyezoea kuulizwa "dalili yako ni ipi?" kuhusu mtu wa katuni, hatakuwa mwepesi kumzulia jirani aliye hai.

Nini basi kifanyike nyumbani? Kwanza, mzazi ajue anachosoma mwanawe. Manga si fungu moja. Zile ziitwazo shonen hulengwa kwa wavulana wa umri wa kubalehe, na ziitwazo seinen ni za watu wazima. Baadhi ya hizo za pili zina ukatili na picha ambazo hazifai kabisa kuingia mikononi mwa mtoto. Michezo nayo huwekewa alama ya umri kwenye kasha lake. Kuchagua na kukataza ni haki ya mzazi, lakini akataze kile alichokitazama kwa macho yake.

Pili, muda uwekewe mpaka. Huzuni kwa ajili ya mhusika isile swala, masomo wala usingizi. Na ikiwa huzuni haiondoki, kijana akajitenga na watu kwa siku nyingi, basi huenda mhusika ni kisingizio tu cha jambo jingine linalomkera. Hapo panahitajika upole na uchunguzi.

Tatu, na hili ndilo jepesi kuliko yote, mzazi aulize. Swali la dharau, "Unapendea nini upuuzi huu?", linafunga mlango. Aulize: "Ungekuwa wewe ndiye Itachi, ungefanya nini? Na ungekuwa miongoni mwa waliouawa, ungesema nini?" Kisha anyamaze, asikilize jibu mpaka mwisho, hata kama majina yanamchanganya. Majina ni ya Kijapani, lakini jibu litakuwa la mwanawe, na litamwonesha ni mtu gani anayekua chini ya dari yake.