Kompyuta za mtumba: Madabodi ndiyo inayoamua faida

Wenye maduka ya steshenari, shule na ofisi ndogo za Kibondo na Kasulu wanaponunua kompyuta za mezani zilizotumika, maswali huwa matatu: ukubwa wa hadi diski, kiasi cha RAM na bei. Swali la nne, ambalo ndilo lenye fedha, huachwa: ndani ya kasha hilo kuna madabodi gani?

Madabodi, au ubao mama kama inavyoitwa vitabuni, ndiyo hubeba prosesa, RAM, matundu ya nyaya na njia zote za umeme. Hadi diski ikifa, hununuliwa nyingine. Madabodi ikifa, au ikikataa kipuri kilichopo mjini, mashine nzima husimama.

Kusimama huko kuna gharama. Kipuri kisichopatikana Kasulu wala Kigoma mjini huagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000. Tuseme duka la kuchapa na fotokopi linaingiza Sh. 40,000 kwa siku. Kusubiri kipuri siku 7 ni kukosa mapato ya Sh. 280,000, kabla ya nauli ya mzigo na malipo ya fundi. Punguzo la Sh. 50,000 lililomfurahisha mnunuzi linakuwa limekwisha siku ya pili.

Plagi ya umeme

La kwanza kukagua ni mahali umeme unapoingia. Madabodi nyingi zinazofuata mpango wa ATX, ulioletwa na Intel mwaka 1995, hupokea umeme kwa plagi kubwa ya pini 24, pamoja na ndogo ya pini 4 au 8 kwa ajili ya prosesa. Pawa saplai ya kawaida hukaa hapo bila tatizo.

Mashine nyingi za ofisi zinazouzwa mtumba hazifuati mpango huo. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020, kwa mfano, zina plagi kuu ya pini 8. Pawa saplai ikiungua, ya kawaida haiingii bila waya maalumu wa kubadilishia. Kibondo na Kasulu zilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO hadi gridi ya Taifa ilipofika mwaka 2022. Gridi ni nafuu kubwa, lakini umeme unaokatika na kurudi ghafla, pamoja na radi za masika, hupiga pawa saplai kwanza.

Soketi ya prosesa

La pili ni soketi. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025. Windows 11 rasmi inahitaji usalama wa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, karibu zote zinazokubalika ni prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea.

Hapa wengi hunaswa. Madabodi yenye soketi 1150 hupokea kizazi cha 4 na chache za cha 5. Haina njia ya kufika cha 8. Soketi 1151 nayo ina sura mbili: madabodi za chipuseti za namba 100 na 200 ni za kizazi cha 6 na 7, na zile za namba 300 ni za kizazi cha 8 na 9. Pini ni idadi ileile, lakini prosesa ya upande mmoja haifanyi kazi upande wa pili. Mnunuzi asome namba ya chipuseti, asiridhike na jina la soketi.

Mpangilio wa nafasi

La tatu ni mpangilio. Sloti 4 za RAM ni bora kuliko 2, kwa sababu RAM huongezwa bila kutupa iliyopo. DDR3 na DDR4 haziingiliani. Madabodi ya ATX ina upana wa milimita 305 kwa 244, na microATX ni 244 kwa 244. Zote zinawatosha wafanyabiashara wengi. Mini-ITX, ya milimita 170 kwa 170, ina sloti moja tu ya kadi, na joto hubanana.

Itazamwe pia kama matundu ya SATA yanafikika bila kung'oa kadi, na kama feni ya prosesa inafunguka kwa urahisi. Vumbi jekundu la nyanda za juu hulazimu usafishaji wa mara kwa mara, na madabodi iliyobanana hugeuza kazi ya dakika kumi kuwa ya nusu siku.

Mwisho, kapasita. Zenye vichwa vilivyovimba au kuvuja ni dalili ya kifo kinachokaribia. Betri ya CR2032 iliyokwisha isimtishe mtu. Ni kitu cha bei ndogo.

Ipi inunuliwe

Mashine ya kizazi cha 4 bado ina kazi kwa duka linalochapa barua bila intaneti, au linalotumia Linux, mradi bei iwe ya chini kweli. Anayeshughulika na fedha za wateja au maombi ya mtandaoni aongeze fedha apate kizazi cha 8, kasha la kawaida na plagi ya pini 24.

Mnunuzi anashauriwa kasha lifunguliwe kabla hajalipa, na modeli ya madabodi iandikwe kwenye risiti. Muuzaji anayekataa kufungua kasha atakuwa amekwisha kujibu swali.