Kutoka Takwimu za Kandanda hadi Sentensi ya Kiswahili: Sarufi katika Uendeshaji-Otomatiki wa Habari za Michezo

1.0 Utangulizi

Usiku wa tarehe 28 Januari 2024, mjini San Pédro, Côte d'Ivoire, timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliitoa Misri katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Timu hizo zilitoka sare ya bao 1 kwa 1, kisha Kongo ikashinda kwa penati 8 kwa 7. Matokeo kama hayo siku hizi huweza kufika katika simu ya msikilizaji wa Bijombo, katika milima iliyo juu ya mji wa Uvira, bila mwandishi yeyote kushika kalamu: kompyuta huchukua takwimu, huzipanga katika sentensi na kuzituma.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 2016 shirika la habari la Associated Press la Marekani lilianza kutoa taarifa za ligi ndogo za besiboli zilizotungwa kwa njia hiyo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi data za michezo zinavyounganishwa na programu za uendeshaji-otomatiki, na kuonyesha kwamba inapotakiwa taarifa ya Kiswahili, sehemu ngumu ya kazi haimo katika mitambo bali katika sarufi.

2.0 Njia ipitwayo na data

Njia yenyewe ina hatua nne. Ya kwanza ni chanzo. Kampuni za takwimu za michezo huweka matokeo katika kompyuta zao na kufungua mlango ambao programu nyingine huweza kubisha na kuuliza. Anayeuliza hupewa ufunguo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaomtambulisha, na idadi ya maswali anayoruhusiwa kwa dakika au kwa siku huwa na kikomo.

Hatua ya pili ni kichochezi. Programu kama Zapier, iliyoanza mwaka 2011, au n8n, iliyotolewa mwaka 2019, huagizwa kuuliza kila baada ya muda fulani: je, kuna mchezo uliokwisha? Hatua ya tatu ni uchujaji. Kila mchezo una namba yake ya utambulisho, na programu sharti itunze kumbukumbu ya namba zilizokwisha kushughulikiwa. La sivyo, ushindi mmoja utatangazwa tena na tena hadi asubuhi. Hatua ya nne ni kiolezo, yaani sentensi yenye nafasi wazi zinazojazwa majina na tarakimu, kisha ujumbe hutumwa.

Inafaa pia kutofautisha sifuri na nafasi tupu. Sifuri humaanisha kwamba timu ilicheza wala haikufunga; nafasi tupu humaanisha kwamba mchezo haujachezwa, au umeahirishwa. Programu isiyoambiwa tofauti hiyo huweza kutangaza sare ya bila kwa bila ya mchezo ambao haukuwapo. Vivyo hivyo, mabao ya mchezo na penati za kuamua mshindi huwekwa katika nafasi mbalimbali. Kiolezo kinachosoma mabao peke yake kingeandika, kuhusu usiku ule wa San Pédro, kwamba Kongo na Misri zilitoka sare, kikanyamaza juu ya jambo lililowatoa watu nje kushangilia.

3.0 Suala la upatanisho

Chukua kiolezo rahisi: "Kongo imefunga mabao [idadi]." Idadi ikiwa 1, sentensi huharibika papo hapo, kwa kuwa tunasema "bao moja". Mabingwa wa Unicode, wanaoweka kanuni za lugha mbalimbali katika kompyuta, wameipa Kiswahili migawanyo miwili ya idadi: moja, na nyinginezo zote. Mgawanyo huo hutatua "bao" na "mabao", lakini hauishii tatizo lote, kwa sababu katika Kiswahili namba nayo hupatana na nomino.

Aidha, si kila namba inayopatana. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane huchukua viambishi. Sita, saba, tisa na kumi hazichukui. Hivyo basi tuna "mabao mawili", "mabao matano" na "mabao manane", lakini "mabao sita" na "mabao saba". Penati, zilizo katika ngeli nyingine, huleta sura nyingine: Kongo ilishinda kwa "penati nane kwa saba", si "penati manane". Tarakimu 8 ni ile ile katika data. Ni nomino inayoamua itamkwe vipi. Mtunga kiolezo hana budi kuandaa jedwali la namba kwa kila ngeli anayoitumia.

Majina ya timu nayo yana mitego yake. "Kongo imeshinda" hufuata jina la nchi, lakini "Chui wameshinda" hufuata kanuni ya viumbe hai, ingawa timu ni ile ile. Katika jina la klabu ya Kinshasa, AS Vita Club, bingwa wa Afrika wa mwaka 1973, "Vita" hailingani na neno la Kiswahili lenye maana ya mapigano. Programu ya kutafsiri inayoligusa jina hilo huweza kutoa habari ya kutisha mahali pa habari ya mpira.

Huenda mtu akasema kwamba katika mazungumzo ya kila siku ya Uvira "mabao mbili" husikika bila kuzuia maana, na kwamba wengi husema "ekipe" kuliko "timu". Hoja hiyo ina uzito. Kinachotakiwa ni kwamba uchaguzi ufanywe na anayeijua lugha, akijua anamwandikia nani, wala usifanywe na kiolezo kilichotafsiriwa neno kwa neno.

4.0 Saa

Chanzo cha data kwa kawaida hutoa saa ya kimataifa. Mchezo wa Kongo na Misri uliandikwa kuwa saa 20:00. Kinshasa ilikuwa 21:00, Uvira 22:00 na Dar es Salaam 23:00, kwani Kongo yenyewe ina majira mawili na Kivu ya Kusini imo katika yale ya mashariki. Baada ya hapo huja hesabu ya Kiswahili sanifu: saa tatu usiku kwa Kinshasa, saa nne usiku kwa Uvira, saa tano usiku kwa Dar es Salaam. Mchezo wa saa 22:30 ya kimataifa tarehe 28 utaanza Uvira saa sita na nusu, usiku wa kuamkia tarehe 29.

Kosa la saa moja si dogo. Katika milima ambayo mapigano ya miaka hii yamewahamisha watu wengi, anayeacha nyumba yake usiku kufuata redio au runinga ya jirani hapaswi kuitwa kwa saa isiyo yake.

5.0 Urefu wa ujumbe

Ujumbe mmoja wa simu ya kawaida huchukua herufi 160, maadamu herufi zote zimo katika orodha ya msingi. Ikiingia alama moja iliyo nje yake, nafasi hushuka hadi 70. Tahajia ya Kiswahili sanifu hukaa vizuri ndani ya orodha hiyo, isipokuwa katika jambo moja: ritifaa ya "ng'ombe" au "ng'ambo". Ritifaa iliyonyooka imo. Ile iliyopinda, ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe, haimo. Alama moja hiyo huweza kuugawa ujumbe mara mbili na kuongeza gharama.

6.0 Hitimisho

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa. Lugha isiyotungiwa violezo na wenyewe itapokea vya wengine, pamoja na makosa yake. Kwa hiyo idara za Kiswahili zina kazi hapa: majedwali ya upatanisho, kanuni za saa na orodha za majina.

Hata hivyo, mipaka ya mitambo ikumbukwe. Tarehe 7 Februari 2024 Kongo ilifungwa na Côte d'Ivoire bao 1 kwa 0 katika nusu fainali. Data ilikuwa na bao, mfungaji na dakika. Haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wa Kongo waliziba vinywa kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono wa pili kwenye kichwa mithili ya bastola, ili ulimwengu uone mauaji ya mashariki ya nchi yao. Kwa msikilizaji wa Bijombo, hiyo ndiyo iliyokuwa habari ya usiku ule. Kiolezo kilichotungwa vyema kitamwambia matokeo kwa Kiswahili safi na kwa saa yake. Habari iliyobaki bado inamhitaji mwandishi.