Chumba Nacho Kina Sauti Yake

Watu wengi waliotumia fedha nyingi kununua televisheni pana na spika za kutazamia filamu nyumbani hugundua jambo la kukera: muziki unavuma kwa nguvu, lakini maneno ya waigizaji hayasikiki sawasawa. Wakiongeza sauti, mambo huzidi kuharibika. Lawama hutupiwa chombo, kumbe kasoro ni ya chumba.

Sauti itokapo kwenye spika husafiri hewani kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde. Sehemu yake humfikia msikilizaji moja kwa moja. Sehemu kubwa zaidi hugonga kuta, dari na sakafu, ikarudi na kugonga tena. Penye jabali la mbali, sauti irudiyo husikika peke yake, nayo ndiyo mwangwi. Chumbani marudio hayo hufuatana upesi mno hata sikio lisiweze kuyatenganisha, yakawa mvumo mmoja ufifiao polepole. Kabla silabi ya kwanza haijafifia, ya pili imekwisha kutamkwa, nazo huchanganyika.

Aliyeupima mvumo huo kisayansi ni Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la sanaa la Fogg, ambamo neno moja liliendelea kusikika kwa sekunde 5 na nusu hivi. Vifaa vyake vilikuwa bomba la kinanda, saa ya kupimia na masikio yake. Usiku wa manane, mji ulipotulia, alileta mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akaongeza michache michache na kupima kila mara. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana kanuni hii:

T = 0.16 × V ÷ A

V ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo. T ni sekunde zinazopita hadi nguvu ya sauti ipungue ikawa sehemu moja ya milioni ya ilivyokuwa. A ni jumla ya ufyonzaji: eneo la kila kitu kwa mita za mraba, likizidishwa kwa kadiri kinavyofyonza sauti. Dirisha lililo wazi huhesabiwa 1, kwani sauti ipitayo hapo hairudi. Lipu ya saruji huweza kuwa 0.03 tu.

Chukua sebule ya mita 5 kwa 4, yenye kimo cha mita 3, ikiwa tupu na saruji pande zote. Ujazo ni 60, eneo lote ni 94, hivyo A ni 2.8, na T hukaribia sekunde 3.4. Zulia nene, makochi ya kitambaa na mapazia mazito yenye mikunjo yakiifikisha A kwenye 20, T hushuka hadi karibu nusu sekunde, nayo yafaa kwa filamu. Kumbi za muziki wa okestra huhitaji zaidi, karibu sekunde 2.

Wako wanaobandika trei za mayai ukutani. Hizo ni nyepesi mno: hupunguza kidogo sauti nyembamba, hazizuii kelele kutoka nje, tena hushika moto upesi.

Sauti nzito ni tatizo jingine. Wimbi la mitetemo 34 kwa sekunde lina urefu wa mita 10 hivi, na nusu yake ni sawa kabisa na urefu wa sebule ile. Sauti hiyo husimama chumbani, ikivuma sana karibu na kuta mbili za mwisho na kukaribia kutoweka katikati. Pazia haliwezi kuifyonza. Chumba chenye pande zote sawa ndicho kibaya zaidi, kwa kuwa mawimbi ya pande tatu hulingana. Dawa rahisi ni kusogeza kochi na spika ya sauti nzito, nusu mita kwa nusu mita, hadi mvumo utulie.